Jarida tulilolisoma kwa kuazima

Kila asubuhi nikishuka matatu katikati ya Nairobi nakutana na jambo lile lile. Muuza magazeti ametandaza mzigo wake juu ya gunia kando ya barabara, vijiwe vimewekwa juu ya kurasa zisipeperuke. Watu wanane au kumi wamemzunguka, mikono nyuma, shingo mbele, wanasoma vichwa vya habari. Wanabishana, wanacheka, mmoja anasonya. Kisha wanatazama saa na kutawanyika. Juzi nilisimama pale robo saa nzima nikihesabu. Waliosoma walikuwa ishirini na watatu. Walionunua walikuwa wawili, na mmoja wao alitaka tu ukurasa wa kubashiri mechi.

"Hawa ni wateja wangu wa macho, mzee," muuzaji aliniambia, wala hakuwa na uchungu. "Tena afadhali hawa. Wenye simu hawafiki hata hapa. Gazeti zima wanatumiana kwenye WhatsApp mimi sijafungua mzigo."

Sisi hodari wa kulalamika kwamba vyombo vya habari vimenunuliwa, vimetiwa woga, vimejaa porojo. Kuna ukweli ndani yake. Lakini chombo ambacho msomaji hakilipii hakikosi mtu wa kukilipia, na huyo mtu hakosi kudai chake. Mwenye shaka namkumbusha kisa cha The Weekly Review, jarida la habari la kila wiki lililotoka hapa Kenya kwa miaka 24, tangu 1975 hadi 1999. Lilipendwa, likaogopwa, likanukuliwa bungeni na vibarazani. Liliiwekea nchi hii hesabu yake ya kisiasa kuliko kitabu chochote. Nasi tuliolipenda tulikuwa wengi kuliko tulioligharimia.

Mwanafizikia aliyeshika kalamu

Mwanzilishi wake, Hilary Ng'weno, alizaliwa Nairobi mwaka 1938 na kukulia Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Alipelekwa na akili yake hadi Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akasomea fizikia. Aliporudi angeweza kutafuta kazi ya maabara au kiti serikalini, maana nchi changa ilikuwa na njaa ya wasomi. Akaingia kwenye habari. Katikati ya miaka ya 1960, akiwa hajafikisha hata miaka 30, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa gazeti la Nation. Hakukaa sana. Mwaka 1973, pamoja na mchoraji Terry Hirst, alianzisha Joe, jarida la vichekesho lililomtazama mwananchi wa kawaida wa mjini na shida zake za kodi ya nyumba, baa na bosi. Februari 1975 akaleta The Weekly Review.

Hakujua kilichokuwa kinakuja. Mwezi haujaisha sawasawa, Machi 1975, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J.M. Kariuki, akapotea Nairobi. Gazeti kubwa la kila siku likaandika kwamba yuko Zambia. Hakuwa Zambia. Mwili wake ulikuwa umeokotwa na mfugaji huko Ngong, na ulikuwa umelazwa mochari bila jina. Nchi ikatikisika. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani, bunge likaunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, na jarida changa likajikuta lina habari nzito kuliko umri wake.

Hapo ndipo wasomaji walipoonja ladha ya kazi ya wiki. Gazeti la kila siku linakimbizana na saa. Linakuambia nani amesema nini jana, kesho linakuambia mwingine amejibu nini, keshokutwa limeshahamia kwingine. Jarida la wiki linakaa kitako. Linakusanya maneno ya siku saba, linayapanga, linayapima, kisha linauliza: mbona huyu amesema haya leo, na mwaka juzi alisema kinyume chake? Nani atafaidika? Nani amenyamaza? Mhariri wake analazimika kuchagua habari moja ya kuweka kwenye jalada, na kuchagua ni kusema: ndugu msomaji, katika kelele zote za wiki hii, shika hili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi tunaitumia methali hiyo kwa wenye maduka. Mimi naisoma pia kwa nchi. Kuanzia kukamatwa kwa wabunge Seroney na Shikuku ndani ya majengo ya bunge mwaka 1975, hadi vuguvugu la kubadilisha katiba la 1976, kifo cha Mzee Kenyatta Agosti 1978, jaribio la mapinduzi la Agosti mosi 1982, kuanguka kwa waziri Charles Njonjo, uchaguzi wa mlolongo wa 1988, watu wakipanga foleni nyuma ya wagombea, na kurudi kwa vyama vingi, daftari lilikuwa likiandikwa wiki baada ya wiki. Chukua leo kitabu chochote cha maana kuhusu siasa za Kenya za enzi hizo, tazama mwandishi alikotoa mambo yake. Jina la jarida hilo utalikuta limerudiwa mpaka utachoka.

Madaftari mawili ya baba

Baba alikuwa na duka dogo Voi, si mbali na stesheni. Aliuza sukari kwa kupima, mafuta ya taa kwa chupa, sigara moja moja. Chini ya kaunta palikuwa na daftari la madeni lenye jalada jeusi, na kando yake, ndani ya katoni ya sabuni, palikuwa na matoleo ya Weekly Review. Magazeti ya kila siku hayakupewa heshima hiyo. Yalifungia maandazi, yaliwashia jiko, yalijalidia vitabu vyetu vya shule. Lakini Review, kama alivyoliita, ole wako ukutwe umeliwekea sufuria juu.

Lilitufikia kwa basi mwisho wa wiki. Kiingereza cha baba kilikuwa cha kutafuta. Alisoma kidole kikiwa juu ya mstari, midomo ikicheza, na palipomshinda aliniita: "Hebu njoo, mwanafunzi, neno hili lina maana gani?" Nikikwama tuliliruka, tukamsubiri mwalimu wa shule ya jirani. Jioni, benchi la mbele ya duka likijaa, baba aliwasimulia wenzake wiki nzima kwa Kiswahili: waziri nani amepanda, nani ameshuka, nani anatafutwa. Wale wazee wengi hawakujua kusoma Kiingereza hata neno, ila ungewasikia wakibishana ungedhani wametoka bungeni.

Februari 1990, Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, aliuawa, na mwili wake ukakutwa karibu na nyumbani kwake Koru. Kauli za kwanza zilidokeza kwamba alijiua. Baadaye mpelelezi wa Scotland Yard, John Troon, akaja na kuhitimisha kuwa ni mauaji. Nakumbuka baba akitoa matoleo kwenye katoni na kuyapanga juu ya kaunta kama karata, la kwanza hadi la mwisho. Akaweka kidole kwenye la kwanza, akakipeleka hadi la mwisho, akatutazama. Hakusema kitu. Magazeti ya siku hizo yote yalikuwa yameshakuwa majivu jikoni.

Na jambo jingine. Nakala moja ya baba ilisomwa na watu wasiopungua kumi. Mwalimu aliichukua Jumamosi, karani wa stesheni Jumatatu, fundi cherehani Jumatano. Ilirudi na madoa ya chai, wakati mwingine bila ukurasa wa kati. Baba, mtu wa hesabu, aliandika kila kitu kwenye daftari jeusi: sukari nusu kilo, chumvi pakiti moja, Review moja. Wasomaji kumi, bei ya mmoja. Zidisha hilo kwa kila mji mdogo toka Voi hadi Bungoma, utaona jarida lilivyokuwa na umati wa watu na mfuko mtupu.

Basi nani alilipa?

Jarida haliishi kwa upepo, wala halishibi sifa. Linataka karatasi, wino, mishahara ya waandishi, usafiri. Msomaji akiazima, mtangazaji ndiye anayebaki. Na katika nchi ambayo serikali ilikuwa na mkono ndani ya benki, bima, reli, umeme, chai na kahawa, mtangazaji mkubwa alikuwa nani? Hata kampuni ya mtu binafsi ilihitaji leseni, na hakuna mwenye kuhitaji leseni anayependa kuonekana amesimama karibu na mtu asiyependwa Ikulu. Mkono mtupu haulambwi, nao mkono uliojaa ulikuwa mmoja.

Ng'weno aliyajua haya kwa maumivu. Mwaka 1977 alianzisha gazeti la Jumapili, The Nairobi Times, akitaka kushindana na vigogo viwili vilivyomilikiwa na mitaji ya nje. Lilisifiwa kwa uandishi wake. Sifa hazikulipa matbaa. Mwaka 1983 aliliuza kwa chama tawala, KANU, likageuka kuwa Kenya Times. Fikiria hilo: gazeti lililoanzishwa na Mkenya ili Wakenya wawe na sauti yao likaishia kuwa tarumbeta ya chama kimoja. Na tarumbeta hiyo ndiyo iliyotaka kujengewa jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru mwaka 1989, hadi Profesa Wangari Maathai aliposimama kidete na mradi ukafa. Umbali kati ya gazeti lisilonunuliwa vya kutosha na bustani ya watoto wetu kutaka kumegwa ni mfupi kuliko tunavyodhani.

The Weekly Review lenyewe lilibaki mkononi mwake, lakini sitaki kulipaka asali. Kadiri miaka ya 80 ilivyosonga, wengi waliona makali yake yakipungua, na wakati wa kupigania vyama vingi walikuwapo waliolishutumu kuwa linaegemea serikali. Yaliyothubutu zaidi yalikuwa majarida mengine, nayo yaliona cha mtema kuni. Beyond lilipigwa marufuku mwaka 1988 baada ya kuanika uovu wa mlolongo, mhariri wake Bedan Mbugua akatiwa ndani. Financial Review lilifuata 1989. Nairobi Law Monthly la Gitobu Imanyara lilipigwa marufuku 1990. Mtu anaweza kumlaumu Ng'weno kwa kuinamisha kichwa. Mimi najiuliza: mtu mmoja, mwenye jarida linaloishi kwa matangazo, wasomaji wake wakiazimana nakala moja kumi kumi, alikuwa amesimama juu ya nini? Tulitaka awe simba, na chakula tumempa cha paka.

Vyama vingi viliporudi, uhuru ukaja na ushindani. Magazeti ya kila siku yakaongeza kurasa za uchambuzi Jumapili, redio za FM zikafunguka, televisheni zikazaliwa. Kilichokuwa cha jarida peke yake kikawa cha wengi. Mwaka 1999 likakoma. Pale Voi hakukuwa na tangazo wala maziko. Utingo wa basi alimwambia baba, "Haijaja." Wiki iliyofuata, "Haijaja." Wiki ya tatu baba hakuuliza. Ng'weno aliendelea kuikusanya historia ya nchi kwa njia ya televisheni, na alifariki Julai 2021.

Makato ya binti yangu

Utasema haya ni ya kale, na maiti haulizwi sanda. Basi tuje nyumbani kwangu. Binti yangu alipata kazi katikati ya 2023. Akaniletea hati zake za mshahara, amezipanga mezani. "Baba, nisaidie. Hapa wamekata pesa ya nyumba. Hapa hawakukata. Hapa wamekata tena. Nimefanya nini?"

Hakufanya kitu. Ada ya nyumba ya asilimia 1.5 iliingia kwa Sheria ya Fedha ya 2023. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema inakiuka katiba. Makato yakaendelea kwa muda, hadi Januari 2024 Mahakama ya Rufani ilipokataa kuyaacha yaendelee. Machi 2024 sheria mpya ya nyumba za bei nafuu ikatiwa saini, makato yakarudi. Kufika Oktoba, ikaja na ya bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75, kuchukua nafasi ya mfuko wa zamani. Kwa mtu wa mshahara wa shilingi 50,000, hizo mbili ni 2,125 kila mwezi. Ni gesi ya kupikia na nauli ya siku kadhaa.

Kila kipande cha habari hiyo kiliandikwa. Hakuna siku magazeti yalilala. Lakini mtu wa kawaida alipokea vipande: leo hukumu, kesho mkutano wa hadhara, keshokutwa ugomvi wa wanasiasa wawili. Na baina ya vipande hivyo zikapenya sauti za kurekodiwa kwenye simu, huyu anaapa pesa zitarudishwa, yule anaapa nyumba zimeshagawanywa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, kwa hiyo watu wakaamini yote mawili. Nami, mtu wa kuandika magazetini, ilinichukua jioni nzima kumpa binti yangu jibu la dakika tano. Baba angevuta katoni.

Hasara hii haiishii kwenye hati ya mshahara. Michezo ya upatu wa uongo inakula akiba za akina mama kwa sababu hakuna anayewakumbusha kwamba mchezo huu ulichezwa mwaka fulani, kwa mtindo huu huu, na mwisho wake ulikuwa hivi. Mgombea anarudi kuomba kura kwa ahadi ile ile aliyoitoa miaka kumi iliyopita, naye anapigiwa makofi kama mgeni. Familia isiyo na daftari inadanganywa na mtu yule yule mara tatu, na kila mara inaona ni bahati mbaya.

Watasema simu ipo

Najua jibu la vijana: mzee, uchambuzi umejaa kwenye simu, tena wa bure, tena kwa Kiswahili. Kwa hili la lugha nawapa haki yao kamili. Jarida letu lilikuwa la Kiingereza, na bila watu kama baba wa kulitafsiri barazani, lingebaki la maofisi na vyuo. Leo kijana wa Kwale anaweza kuichambua bajeti kwa Kiswahili fasaha, akasikika mpaka Muscat. Hiyo ni neema.

Lakini huyo kijana anakula nini? Tazama nani anamdhamini. Kampuni ya kamari, mwanasiasa, au hakuna mtu. Asiyedhaminiwa anachoka baada ya mwaka. Anayedhaminiwa anajua mahali pa kutogusa. Ugonjwa ni ule ule uliolisumbua jarida la 1975, umebadilisha kanzu tu. Kwa upande wa magazeti yenyewe, mwaka 2015 serikali ya Kenya iliunda wakala mmoja wa kununua matangazo ya wizara na mashirika yake. Bomba moja, koki moja, mkono mmoja juu ya koki.

Majirani zetu wa Tanzania wana kisa chao. Kule magazeti ya wiki ya Kiswahili yalipata wasomaji waliokuwa tayari kulipa. Dola ikafanya iliyoyafanya: mwaka 2017 pekee, Mawio lilifungiwa miezi 24, MwanaHalisi miezi 24, Raia Mwema siku 90. Kwa hiyo sidai kwamba shilingi ya msomaji ni kinga ya kila kitu. Nadai kwamba inamlazimu anayetaka kukunyamazisha afanye hivyo hadharani, kwa amri yenye sahihi na tarehe, ambayo unaweza kuipeleka mahakamani. Kunyamazishwa kwa kukosa tangazo hakuna sahihi. Utaishtaki koki?

Na mfano wa upande wa pili upo. The Economist la London lilianza mwaka 1843, bado linatoka kila wiki, na sehemu kubwa ya pato lake inatoka kwa watu wanaolipa ada ya kulisoma. Si kwamba Waingereza wana mapenzi ya habari kutuzidi. Wamezoea kulipia.

Deni lililobaki

Mtaniambia maisha ni magumu, na mimi naishi mjini humu humu, najua bei ya unga. Lakini sisi ni watu wa chama. Tunachangia harusi, tunachangia matanga, tunanunuliana sufuria na magodoro kwa zamu. Je, wanachama kumi na wawili wa kikundi kimoja hawawezi kuchangia ada ya gazeti moja la mwisho wa wiki, au ya tovuti moja yenye waandishi wanaofanya kazi ya kweli? Haba na haba hujaza kibaba. Shule zetu za sekondari haziwezi kuweka rafu moja ya matoleo yaliyofungwa mwaka kwa mwaka, mwanafunzi wa historia ayapekue kwa mkono wake? Na sisi waandishi, hatuwezi kumpa msomaji, mara moja kwa wiki, habari moja iliyokamilika badala ya vipande thelathini? Hatuwezi kumtaka alipie makombo.

Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita. Tulipofungua duka kutoa vitu, mama alitaka daftari la madeni lichomwe, kwa sababu wadeni wengi walikuwa wametangulia mbele ya haki na si vizuri kumdai marehemu. Niliomba nilipitie kwanza. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, wa mtu anayebana karatasi. Sukari imekatwa kwa mstari, imelipwa. Mafuta ya taa yamekatwa. Chumvi, viberiti, majani ya chai, ukurasa baada ya ukurasa, karibu yote yamekatwa. Watu wa Voi walikuwa waungwana, walilipa.

Mistari ambayo haikukatwa ilikuwa ya aina moja. Review moja. Review moja. Review mbili. Na chini ya ukurasa mmoja, mara nne kwa mwezi mmoja, lilikuwa jina langu.

Daftari hatukulichoma.